Kilio cha Daktari Edmond

Ezéchiel alizoea kuwaambia walinzi wenzake kwamba nyumbani kwake Malvern, Johannesburg, wanaishi watu watatu: yeye, mke wake Victorine, na Mwingereza mmoja aliyekufa. Wenzake walidhani ni mambo ya mizimu, wakamshauri aite padri. Haikuwa mizimu. Ilikuwa kazi ya shule.

Victorine alikuwa na miaka hamsini na kitu, na tangu mwaka juzi alikuwa anasoma masomo ya jioni katika ukumbi wa shule ya msingi, karibu na saluni anakosukia watu nywele kwenye Barabara ya Jules. Huko kwao Lubumbashi, Kongo, aliacha shule akiwa darasa la tano, mama yake alipougua. Aliyemwosha mama yule, akamgeuza kitandani na kumlisha mpaka Mungu alipomchukua, alikuwa yeye. Kazi ile ilimwingia moyoni na haikutoka. Sasa alitaka kuifanya kwa cheti. Kulikuwa na chuo cha wasaidizi wa wauguzi, lakini hakikuchukua mtu ambaye hajamaliza masomo ya jioni, na masomo ya jioni hayakumalizika bila kusimama mbele ya darasa na kueleza, kwa Kiingereza na bila kusoma popote, maisha ya mtu mmoja wa zamani.

Mwaka uliopita Victorine alisimama. Akazitazama zile nyuso. Kiingereza chote alichokikariri kikamtoka kama maji kwenye beseni lililotoboka, akaketi, akalia ndani ya kitenge chake. Mwalimu Mayasa, mwanamke wa Tanga mwenye ushungi na sauti ya upole, alimwambia ukweli bila kumzungusha.

"Mama Victorine, kuandika unaandika, kusoma unasoma. Lakini mtihani huu ni wa kusema. Umebakiwa na mara moja tu. Usiposema, sina namna ya kukupitisha."

Mara hiyo moja ikafika. Mwalimu aliweka majina ndani ya kofia ya Mwadini, Mzanzibari mwenye duka la vyombo Fordsburg, ambaye alikuja kusoma kwa sababu, alivyosema mwenyewe, wateja walikuwa wanamtukana kwa Kiingereza na yeye anawashukuru. Kila mmoja akachomoa jina lake. Mwadini alipata malkia. Victorine alipata mtu aitwaye Edmund Pascoe, daktari mpasuaji katika hospitali moja ya maskini huko London, miaka mia mbili iliyopita.

"Mpasuaji wa enzi hizo ni mchinjaji tu," Mwadini alimwambia. "Dawa ya usingizi haikuwepo. Wewe mama wa rozari utafanya naye nini? Nikubadilishie na malkia wangu?"

"Malkia akae kwako. Mimi Bwana amenipa huyu."

Kinywani mwake akawa Docteur Edmond, kama watu wa kwao wanavyotamka. Alimsoma saluni kati ya mteja na mteja, kamusi ikiwa juu ya kikapu cha nywele za bandia. Alimsoma kwenye foleni ya teksi. Na kwa kuwa kila alfajiri alipopiga magoti alimtaja mbele za Mungu kila mtu aliyekuwa na shughuli naye, kuanzia watoto wake walioko Durban hadi mwenye nyumba, alianza kumtaja na Docteur Edmond. Kitabu kilisema hakuwa na mke wala mtoto. Kilisema hakuna hata ndugu mmoja aliyekuja siku aliyokufa. Jambo hilo lilimkaa Victorine kooni.

Kulikuwa pia na ukurasa mmoja aliousoma mara moja tu, kisha akafunga kitabu. Ukurasa huo ulieleza kwamba wanafunzi wa Docteur Edmond walijifunza upasuaji kwa miili iliyofukuliwa makaburini na wezi, miili ya maskini, na kwamba yeye mwenyewe aliinunua. Victorine aliamua kwamba hilo darasani hatalisema. Aliona linamwaibisha kama vile ni mjomba wake.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, siku mbili kabla ya mtihani, kulikuwa na Misa ya Kiswahili. Mlangoni mwa kanisa katekista alikuwa anapokea nia za Misa, majina ya watu wa kuombewa na padri. Victorine akamsogelea kabla hajabadili mawazo.

"Ni ya marehemu," akasema. "Docteur Edmond."

"Familia gani inaomba?"

Victorine akafikiri. Mtu yule hakuwa na familia. Kuacha mahali pale pawe patupu aliona ni kumwacha mtu amesimama nje ya mlango.

"Weka yetu. Familia ya Ezéchiel na Victorine."

Padri alipoitaja nia ile altareni, Victorine alijisikia furaha ya mtu aliyempisha mgeni kwenye kiti chake. Ezéchiel hakusikia kitu, kwa maana alikuwa ametoka lindo la usiku na alikuwa anasinzia wima. Baraka ilipotolewa tu, akamshika mke wake mkono wakaenda nyumbani bila kusalimiana na mtu.

Hapo ndipo Victorine alipokosea. Watu wa Katanga, mkoa wa kwao, walioko Johannesburg hawangoji kualikwa kwenye kilio. Wakisikia jina la marehemu likifuatana na jina la familia, hawaulizi zaidi. Wanaanza kutafuta viti.

Alikuwa anakoroga sombe, kisamvu cha kwao, jikoni aliposikia yowe. Mwanzoni alifikiri ni gari limegonga mtu kwenye robot, zile taa za barabarani, pale konani. Kisha akaitambua sauti. Ilikuwa ya Mama Arlène, aliyesuka naye kiti kwa kiti pale saluni na aliyewaongoza kina mama wa jumuiya katika misiba. Alikuwa anakuja ubavuni mwa barabara, mikono kichwani, kitambaa cheusi kikimning'inia.

"Docteur wetu," alikuwa analia. "Docteur wetu, umetuacha na nani."

Nyuma yake alikuja Papa Pitchou, mkubwa wa chama cha watu wa Lubumbashi, ndani ya suti nyeusi nzito. Nyuma ya Papa Pitchou kulikuwa na vijana wenye viti vya plastiki na turubai, na nyuma ya vijana kina mama wenye sufuria. Ezéchiel alifungua mlango akiwa amevaa kaptula. Papa Pitchou akamkumbatia mpaka miguu yake ikakaribia kuinuka.

"Pole, ndugu yangu. Mwanaume analilia ndani. Tunajua."

"Nalia nini?" Ezéchiel akauliza.

"Amechanganyikiwa," Papa Pitchou akawaambia waliokuwa nyuma. "Mketisheni chini."

Victorine alitoka mbio, mwiko mkononi. "Mama Arlène, nisikilize. Huyu mtu alikufa zamani."

"Ndiyo, mama. Kwa mwenye uchungu, hata jana ni zamani."

"Nasema miaka mia mbili."

Mama Arlène akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Ana homa," akasema kwa upole. "Leteni maji."

Hakuna aliyeweza kuwazuia tena. Wageni walilishusha godoro sakafuni, wakaifunika televisheni kwa shuka. Turubai likasimama uani. Hata mwenye spaza, kiduka cha kona, Mzulu asiyejua neno la Kiswahili, aliuliza kwa ishara nani amefariki. Aliposikia ni daktari akasema, "Eish," akavua kofia, akaenda kuleta soda. Ezéchiel na Victorine walikalishwa kwenye godoro bega kwa bega, na kina mama wakaanza kuimba.

Ezéchiel akainamisha kichwa kwa mke wake. "Niambie kitu kimoja tu. Aliyekufa ni wa upande wako au wa upande wangu? Nijue nalia vipi."

"Ni yule Mwingereza wa shule."

Ezéchiel alimtazama. Kisha akavuta shuka akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Ah, sasa yametoka," watu wakanong'onezana. "Afadhali. Alikuwa amejikaza mno."

Victorine alisali kimoyomoyo: Bwana, wewe unajua nilikuwa na nia njema, sasa nionyeshe mlango wa kutokea. Mlango alioonyeshwa haukuwa ule aliouomba. Nyimbo ziliponyamaza, Papa Pitchou alisimama akapangusa jasho. Kwao chakula hakiliwi kilioni kabla mtu wa familia hajasimulia historia ya marehemu, tangu alipozaliwa hadi alipozimika. Na historia ikishaanza, hakuna anayeinuka mpaka iishe, maana kuondoka katikati ni kumtupa marehemu njiani.

"Wengi hapa hatukubahatika kumjua," Papa Pitchou alisema. "Wengine wanasema ni Docteur Edmond wa Kamalondo, wengine wanasema ni yule wa Likasi. Familia itueleze."

Victorine akasimama. Uani mlikuwa mmejaa nyuso, mara tatu ya zile za darasani. Woga wa mwaka uliopita ukamrudia. Lakini safari hii hakuwa na maneno aliyokariri ambayo angeweza kuyasahau. Alikuwa na ukweli tu, na ukweli huo ulikuwa unamchoma.

"Ndugu zangu," akasema, "mnisamehe. Nilimwombea Misa kwa sababu hakuwa na mtu. Docteur Edmond alizaliwa Uingereza, mwaka 1782. Baba yake alikuwa mtengeneza mishumaa."

Ua likageuka soko.

"Mzungu?"

"Ngapi umesema?"

"Sasa yule wa Kamalondo ni mzima?"

"Mimi nimefunga duka."

Vijana wa turubai walikuwa wameegemeana kwa kicheko. Ezéchiel alitoa kichwa nje ya shuka, macho mekundu, na waliomwona wakaelewa kwamba machozi yake yalikuwa ya kicheko. Papa Pitchou pekee hakucheka.

"Mama Victorine. Nimevaa suti hii, na joto hili, kwa mtu wa 1782?"

"Papa Pitchou, kaa," Mama Arlène akasema. Alikuwa bado anapangusa machozi yake, ya kweli kabisa, na hakuwa tayari yapotee bure. "Historia umeifungua wewe mwenyewe. Imeanza. Kaa mpaka iishe."

Papa Pitchou aliufikiria utaratibu, na utaratibu ulimshinda. Akaketi. "Haya, mama. Lakini usirefushe."

Victorine hakurefusha, ila pia hakufupisha. Alisimulia kama alivyozoea kusimulia saluni akiwa na kichwa cha mteja mikononi. Aliwaambia juu ya mtoto Edmond aliyepeleka mishumaa nyumba kwa nyumba, na jinsi jioni moja alivyomkuta mpasua mbao amelala juu ya meza ya jikoni, mguu umevunjika, na daktari ana msumeno. "Shika mwanga, kijana," daktari akasema. Edmond akashika. Mtu yule alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na mshumaa haukuzimika. Tangu siku hiyo kijana hakutaka tena kuuza mishumaa.

"Alikuwa na moyo," mtu mmoja akasema.

"Ngoja. Akapelekwa kwa mwuza dawa, akaoshe chupa. Miaka anaosha chupa. Kisha akaenda London, akapata nafasi ya kumfuata mpasuaji mkubwa wodini, amembebea sanduku la bandeji. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yao. Alipokuwa tayari, nafasi ya upasuaji ikatokea hospitalini. Akaomba. Akapewa mpwa wa mkubwa. Ikatokea nyingine. Akaomba. Akapewa mkwe wa mkubwa."

"Huyo mkubwa alikuwa Mkongo," Ezéchiel akasema kutoka godoroni, na ua zima likacheka.

"Ya tatu akapata. Wapwa walikuwa wamekwisha."

Sasa hata Papa Pitchou alikuwa amelegeza tai. Victorine aliwaeleza wodi za siku zile, vitanda vya mbao na wagonjwa wasio na senti, waliopasuliwa wakiwa macho. Aliwaeleza kwamba wapasuaji walijisifu kwa haraka ya msumeno, ila Docteur Edmond jioni ya kuamkia upasuaji alikwenda kuketi kitandani kwa mgonjwa na kumwambia kila kitu kitakachompata, bila kumdanganya. Asubuhi, kabla ya kuanza, alijifungia katika chumba cha makaa. Huko alitetemeka. Huko alitapika. Akitoka, mkono umetulia. Mwanafunzi mmoja alimfuma humo akamwuliza kama anaumwa.

"Akamjibu hivi," Victorine alisema. "'Kutetemeka lazima mtu atetemeke. Mimi natetemeka mapema, ili mgonjwa asinione.'"

Alipoisema sentensi ile kwa sauti, alitua kidogo. Alikuwa ameisoma mara nyingi. Hakuwahi kuisikia.

"Endelea, mama," Mama Arlène akanong'ona.

Akaendelea na habari ya mfuaji nguo aliyegongwa na gari la farasi. Wapasuaji wote walisema mguu ukatwe. Docteur Edmond akaufunga vibao, akasema tungoje. Wakamcheka. Akangoja. Mama yule akapona, na kila Pasaka alitembea kutoka kwake hadi hospitali, akapandisha sketi mpaka gotini mbele ya madaktari wote, akasema, "Nimeuleta muuone."

Mguu ule ulipigiwa makofi Malvern. Kina mama walipiga vigelegele. Mwenye spaza, ambaye hakuelewa hata neno, alipiga makofi pia.

"Niko na swali," alisema bibi mmoja aliyekaa karibu na sufuria. "Huyu docteur, na wanafunzi wake. Mambo yote hayo ya ndani ya mwili walijifunzia wapi?"

Victorine alijua angeweza kusema, vitabuni. Bibi angetikisa kichwa na chakula kingepakuliwa. Alifumba macho. Bwana, nifunge kinywa au unifungue, chagua wewe. Kisha akafumbua macho akasema.

"Kwa maiti, bibi. Maiti zilizoibwa makaburini. Wezi walizifukua, madaktari wakazinunua. Naye alizinunua. Zilikuwa za maskini, kwa sababu matajiri waliweka walinzi."

Hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Papa Pitchou aliinuka polepole.

"Tumemsomea Misa mnunuzi wa wafu," akasema.

"Historia haijaisha, Papa Pitchou," Victorine alisema. Sauti yake haikutetemeka, naye aliisikia kwamba haikutetemeka. "Mwaka 1829 alijichoma kidole kwa kisu akiwa anafundisha. Kidole kikavimba, mkono ukavimba, homa ikampanda. Akajua. Akawaita wanafunzi wake kitandani, akawaambia, 'Nilijifunza kwa watu ambao hakuna aliyewauliza. Mimi nimeulizwa, na nasema ndiyo. Nikifa, mnifanye somo. Mtu mwingine asiibwe kwa ajili yangu.' Wakakataa. Akawaapisha. Alipokufa walifanya alivyosema, na inasemekana walilia mpaka hawakuona walichokata. Baada ya hapo hapakuwa na cha kuzika. Hakuna jeneza, hakuna kaburi, hakuna aliyekaa chini hata siku moja. Historia yake imeishia hapo."

Papa Pitchou alibaki amesimama, mkono kwenye kifungo cha koti.

"Hakuzikwa kabisa?"

"Hakuzikwa."

"Na kilio?"

"Hakikuwekwa."

Mzee yule alitazama viti vyake, turubai lake, zile sufuria. Akavua koti la suti, akalitundika kwenye kiti, akaketi.

"Basi hatukukosea nyumba," akasema. "Tumechelewa tu. Lakini nina sharti. Wale walioibwa nao je? Waliibwa bila hata jina. Kama tunalia, tuwalilie wote. Sitamlilia yeye peke yake."

"Hata mimi sitaki aliliwe peke yake," Victorine akasema.

Wakasali. Fungu moja la rozari kwa Docteur Edmond, na jingine kwa maskini wa London ambao majina yao anayajua Mungu tu. Bibi wa sufuria aliongoza hilo la pili, kwa sauti kubwa, kama mtu anayewaita watu waliokaa mbali. Kisha bukari, ugali wa kwao, na sombe na kuku vikapakuliwa, na kilio kile kikageuka kama vinavyogeuka vilio vya wazee waliokufa wakiwa wameshiba siku zao: nyimbo zikachangamka, na watu wakacheza. Vijana waligombania nani aigize mama wa mguu. Ezéchiel alicheza akiwa na shuka mabegani, na kila aliyempa pole alimjibu, "Asante, alikuwa kama shemeji." Jua lilipozama walikunja turubai. Papa Pitchou alimshika Victorine mkono mlangoni.

"Mama, unajua kusimulia. Nimehudhuria vilio vingi. Huwa nasinzia."

Jumanne jioni Victorine alifika ukumbini mapema, akaenda moja kwa moja chooni, akajifungia. Alitetemeka. Aliacha mwili utetemeke mpaka uchoke. Bwana, akasema, sehemu hii nimeimaliza. Sasa nipe mkono uliotulia. Akanawa uso.

Mwadini alitangulia na malkia wake, akamwozesha kwa mwanaume asiye wake, Mwalimu Mayasa akamrekebisha, darasa likacheka. Kisha likaitwa jina la Victorine. Alisimama. Nyuso zilikuwa pale pale. Mwanzo alioukariri wa Kiingereza ulikuwa umekwisha kukimbia. Basi akaanza kama watu wanavyoanza kilioni.

"Ndugu zangu," akasema kwa Kiingereza, "asanteni kwa kuja. Naomba msimame kidogo kwa heshima ya mtu huyu, kwa sababu alikufa na hakuna aliyesimama."

Darasa lilitazamana. Mwadini akasimama kwanza, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa vizuri. Wengine wakafuata. Mwalimu Mayasa akaweka kalamu chini, akasimama pia. Walipoketi, Victorine hakuona tena wanafunzi. Aliona waombolezaji, na waombolezaji hakuwaogopa.

Kiingereza chake kilichechemea. Alichanganya yeye mwanamke na yeye mwanaume, kiasi kwamba mfuaji nguo alionekana kama mzee mwenye ndevu aliyepandisha sketi. Neno la msumeno lilimpotea, akalifanya kwa mkono na kwa sauti, na mstari wa mbele ukakunja miguu. Wapwa wa mkubwa walichekesha kwa Kiingereza vile vile kama kwa Kiswahili. Alipofika kwenye maiti zilizoibwa hakupunguza mwendo. Alilisema lote, akasema na la kidole, na la wanafunzi waliolia. Mwisho akasema, "Historia yake imeishia hapo," akabaki amesimama, mikono imetulia mbele ya kitenge.

"Maswali?" Mwalimu Mayasa akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo.

Mwadini akainua mkono. Hakuwa na utani usoni. "Mama, miaka yote hiyo, hakuna hata mtu mmoja aliyemwombea?"

"Wapo," Victorine alisema. "Wengi sana. Jumapili, nyumbani kwangu Malvern. Tulikula kuku."

Kicheko kililipuka mpaka mlinzi wa shule akachungulia. Akalazimika kueleza kila kitu: nia ya Misa, yowe la Mama Arlène, suti ya Papa Pitchou, Ezéchiel chini ya shuka. Alieleza kwa Kiingereza, bila kuandaa neno lolote, na alipofika kwenye shuka Mwalimu Mayasa alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya ushungi.

"Inatosha," Mwalimu alisema, sasa kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza kilikuwa kimemshinda yeye. "Mama Victorine, inatosha. Umepita. Ulipita zamani, nilikuacha uendelee kwa sababu nilitaka kusikia."

Victorine alirudi kwenye kiti chake. Alitaka kumshukuru Mungu kwa maneno mazuri na hakupata hata moja, akakaa tu na ile furaha kifuani. Sasa alijua kwamba chuoni watamfundisha kuwageuza wagonjwa namna inavyotakiwa, na kwamba ataketi vitandani mwao na kuwaambia ukweli.

Mwadini alikuwa amegeuza kiti chake nyuma. "Lakini mama, hukutuambia. Sisi tusingekuja kupika, ila tungekuja kutoa pole. Sasa arobaini yake lini?"

"Sisi tunasema kuondoa kilio."

"Vyovyote. Lini?"

"Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao," Victorine akasema kabla hajafikiri, na darasa zima likaanza kuulizana nani ana gari la kwenda Malvern.